Kofia Hutazamwa Ndani: Namna ya Kuchagua, Kuvaa na Kutunza Kofia ya Mkono, kwa Wanaume wa Tanga na Jirani Zake

Tanga mwanamume anaweza kutoka na kandambili zilizochoka na asisemwe, lakini akipita mbele ya baraza na kofia iliyopwaya, atasikia. Kofia hapa hujadiliwa. Kaa kwenye kahawa yoyote ya zile barabara za namba za Ngamiani, subiri kikombe cha pili, utawasikia watu wazima wakibishana kama kazi hii ni ya Pemba au ya Unguja, ya mkono au ya mashine, nani kashonewa na mkewe na nani anajisifu tu. Vijana nao wameingia kwenye ushindani huo kwa nguvu, hasa ukifika msimu wa harusi na maulidi.

Shida ni kwamba wengi hununua kwa kuangalia mbele. Kofia hutazamwa ndani. Ukishajua kuigeuza na kuikagua upande usioonekana, muuzaji hakuuzii maneno tena. Hapo ndipo nitakapokaa sana humu. Mengine nitayapitia haraka. Naandika nikiwa Tanga, ila mtu wa Pangani au Bagamoyo hatapotea njia.

Hatua ya 1: Jua unaitaka ya nini

Usiingie dukani ukasema "nataka kofia". Utaletewa rundo, utachanganyikiwa, utaondoka na iliyokuwa juu.

Kwa akdi, Idi na maulidi, inayotafutwa ni kofia ya viua, ile yenye maua ya sindano na vitobo vidogo vidogo. Ina vipande viwili: cha juu, kile cha duara kinachokaa utosini, na ubavu, yaani mkanda unaozunguka kichwa. Kila kipande ni tabaka mbili za kitambaa cha pamba, bafta au poplini, zilizoshikanishwa kwa mishono midogo. Ua huchorwa kwanza kwa penseli, halafu sindano hufuata mchoro. Vitobo hutobolewa kimoja kimoja na ukingo wake kuzungushiwa uzi ili usifumuke. Si urembo mtupu: vinapitisha hewa, na aliyewahi kuvaa kofia ya nailoni mwezi wa Februari mjini hapa anajua faida yake. Waomani nao huvaa kofia ya namna hii, wao huiita kumma, na ndiyo maana madukani utakuta za kwao zimechanganywa na za Visiwani.

Nyeupe juu ya nyeupe, ambayo wazee huiita bulibuli, ndiyo ninayompendekezea mtu anayenunua kofia yake ya kwanza nzuri. Haigombani na kanzu yoyote, haigombani na koti, na ikichafuka inafulika bila hofu ya rangi kuchuja. Ya uzi wa kahawia au wa dhahabu iliyokolea iwe ya pili.

Ya almaria, yenye nyuzi za kumetameta, ni ya bwana harusi. Nzito, haipendi maji, na ukiivaa kila Ijumaa watu watakuuliza unaoa tena lini. Tarabushi, ile nyekundu ya sufu yenye kishada, leo huonekana zaidi kwenye picha za zamani. Uturuki yenyewe, ilikovaliwa sana, iliipiga marufuku kwa sheria mwaka 1925. Ya kufuma kwa kroshia ni ya kusalia na kutia mfukoni, haihitaji mwongozo. Kapelo na mzula vina wenyewe.

Na asikutishe mtu kwamba kofia ya viua ni ya Waislamu peke yao. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki na zipo picha zake akiwa na kofia ya kudarizi kichwani. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais kuanzia 1985 hadi 1995, suti yake na kofia yake vilikuwa haviachani.

Hatua ya 2: Pima kichwa, usikisie

Chukua tepu ya fundi cherehani. Izungushe juu kidogo ya nyusi, ipite juu ya masikio, izunguke pale kisogo kilipochomoza zaidi. Isikaze, isilegee. Andika namba hiyo kwenye simu. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 54 na 61.

Dukani huenda usisikie sentimita. Kofia hukunjwa bapa na upana wake hupimwa kwa inchi, kwa hiyo ukiambiwa "hii kumi na moja", maana yake mzunguko ni inchi 22, karibu sentimita 56. Kumi na moja na robo ni inchi 22 na nusu, yaani sentimita 57 na kidogo. Robo inchi inaonekana si kitu, lakini kichwani ndiyo tofauti ya kofia inayokaa na kofia inayoacha alama nyekundu kwenye paji la uso.

Mambo mawili yanawaponza watu hapa. La kwanza ni nywele: pima kichwa kikiwa katika hali yake ya siku zote. Ukipima ukiwa na nywele nyingi halafu ukanyoa upara usiku wa kuamkia Idi, kofia itakushukia masikioni. La pili ni maji. Kitambaa cha pamba ambacho hakijawahi kufuliwa hurudi, yaani hupungua, kinapofuliwa mara ya kwanza. Muulize muuzaji kama kitambaa kililowekwa kabla ya kushonwa. Kama hakikulowekwa, chukua iliyokuzidi kidogo, inayoruhusu kidole kimoja kupita kati yake na kichwa.

Hatua ya 3: Pa kununulia

Maduka ya kanzu na kofia ya Ngamiani yanatosha kwa kuanzia, na yaliyo jirani na Soko la Mgandini pia. Tembea kwanza, usinunue duka la kwanza hata kama limekupendeza. Mizigo mingi huvuka bahari kutoka Pemba na Unguja, kwa hiyo kofia ile ile unaweza kuiona maduka matatu kwa bei tatu.

Njia bora, kwa maoni yangu, ni kumwendea mshonaji mwenyewe. Wengi ni akina mama wanaoshona nyumbani baada ya kazi za ndani, hawana bango wala duka. Hawapatikani kwa kutafuta, wanapatikana kwa kuelekezwa. Ukiona kofia nzuri msikitini au harusini, mwombe mwenyewe kwa adabu akwambie kashonewa wapi. Mwenye kofia nzuri hakuna anachopenda zaidi ya kuulizwa swali hilo.

Kuhusu wakati: usinunue kumi la mwisho la Ramadhani. Bei hupanda, nzuri zimeshachukuliwa, na duka limejaa watu wasiokupa nafasi ya kukagua chochote. Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukishaanza na vumbi la Idi limetulia, muuzaji ana muda na lugha yake ni laini.

Hatua ya 4: Geuza, kagua

Hapa usiwe na haraka. Kama muuzaji anakunyang'anya kofia mkononi kila ukiigeuza, toka.

Anza kwa kuitazama ndani. Kofia ya mkono hufanana ndani na nje kwa kiasi kikubwa: uzi ni wa rangi ile ile pande zote mbili, na ukisogeza jicho utaona vifundo vidogo pale uzi mmoja ulipoishia na mwingine ukaanza. Ya mashine ina uzi wa bobini, yaani uzi wa chini wa cherehani, mara nyingi mweupe, hata kama maua ya nje ni ya kahawia. Mara nyingi pia ndani yake kuna kitambaa kigumu cha kubandika, cha namna ile inayotiwa kwenye kola ya shati. Ukikuta bitana imefunika kila kitu, tafuta upenyo pembeni uchungulie. Ipo bitana ya heshima, na ipo ya kufunika aibu.

Halafu linganisha ua na ua. Mashine haichoki, kwa hiyo maua yake yote ni pacha. Mkono wa binadamu huchoka jioni na kupata nguvu asubuhi. Ua moja litakuwa na petali nyembamba kidogo kuliko jirani yake. Huo ndio ushahidi, si kasoro. Kasoro ni pale mstari mzima unapopanda au kushuka, au maua ya upande mmoja yakawa makubwa waziwazi kuliko ya upande wa pili.

Iinue kwenye mwanga wa jua, siyo wa taa ya duka. Vitobo vizuri ni vya duara, vimefunguka sawasawa, na ukingo wake umejaa uzi bila pengo. Katika kazi ya mkono, ncha ya kutobolea husukuma nyuzi za kitambaa zikakaa pembeni, halafu ukingo hushonwa juu yake. Kitambaa hakipotezi nguvu. Katika kazi nyingi za mashine kitobo hukatwa, ndiyo maana baada ya kufuliwa mara chache huota ndevu. Pitisha ncha ya kidole taratibu. Ukihisi vinyweleo vimeanza kusimama kofia ikiwa bado mpya, irudishe.

Sasa tafuta mshono wa nyuma, pale ncha mbili za ubavu zinapokutana. Hapo ndipo fundi hujulikana. Fundi mzuri hugawa mzunguko kabla ya kuchora, kwa hiyo maua hufika kwenye mshono yakiwa kamili: ua zima kushoto, ua zima kulia, au nusu mbili zinazoungana zikawa moja na usione palipokatwa. Fundi wa haraka huchora mpaka kitambaa kiishe, na kisogoni unabaki na ua lililokatwa shingo. Wewe hutaliona ukivaa, lakini safu nzima iliyo nyuma yako msikitini italiona tangu adhana mpaka salamu.

Geukia kiungo cha kipande cha juu na ubavu. Kiwe laini pande zote. Ukiona mikunjo midogo imebanwana sehemu moja, kipande cha juu kilikatwa kikubwa kuliko ubavu, na fundi akalazimisha. Kofia hiyo haitakaa duara hata uitie wanga wa namna gani. Iweke mezani kwa kipande cha juu, itazame kwa usawa wa macho. Ubavu usimame wima pande zote, usilale upande.

Wanga nao hudanganya. Kitambaa chepesi kikitiwa wanga mzito kinasimama dukani kama askari, na kikifuliwa mara moja tu kinalala. Bana ubavu kati ya vidole viwili, usugue. Ukitoka unga mweupe na kitambaa kikalegea pale pale, umejua unachouziwa.

Kwa za rangi, lowesha ncha ya leso nyeupe, ikandamize juu ya uzi kwa ndani, subiri kidogo. Leso ikitoka na rangi, kofia hiyo itachuja mara ya kwanza ukitokwa jasho, na jasho la Tanga halina subira.

Kuna pia hadithi ya hariri. Kila muuzaji uzi wake ni hariri. Mwombe kipande cha uzi kilichoning'inia ndani, kichome kwa kiberiti nje ya duka. Hariri hujikunja, hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na majivu yake husagika. Pamba hunuka karatasi. Poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Poliesta si haramu, inadumu na haichuji kirahisi. Ila isilipiwe bei ya hariri.

Hatua ya 5: Bei, na namna ya kuagiza

Kofia iliyojaa kazi ya mkono humla mshonaji wiki kadhaa, na ile nzito kabisa huvuka mwezi. Mara nyingi mchoraji ni mmoja, anayedarizi ni mwingine, na anayeunganisha vipande ni wa tatu. Kwa hiyo unapotajiwa bei, igawanye kwa siku za kazi kabla ya kufungua mdomo. Ukiona kila siku moja inatoka hela isiyonunua hata kilo ya mchele, basi ama hiyo si kazi ya mkono, ama kuna mama anayenyonywa mahali. Kupatana bei ni desturi yetu, na siipingi. Ila kumkandamiza mshonaji kisha ukatoke kujigamba barazani kwa kazi yake ni ushamba.

Kwa kuagiza, mazungumzo huenda hivi:

"Hodi hodi. Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, karibu."
"Nimeelekezwa kwako. Naomba unishonee kofia ya viua, nyeupe, uzi wa kahawia."
"Ya lini?"
"Ya Idi."
"Idi ya mwaka huu au ya mwakani?"

Hakutanii. Kama unaitaka ya Idi el Fitri, uwe umeshafika kwake Rajabu inapoandama, miezi mitatu hivi kabla. Kubalianeni mambo haya mkiwa mmekaa: kitambaa gani na kama kitalowekwa kwanza, uzi gani na akuachie kipande chake, ubavu uwe na urefu gani, ua la mchoro upi, umwonyeshe picha au kofia yenyewe, na siku ya kuichukua. Mwachie kipande cha kamba ulichokata sawa na mzunguko wa kichwa chako, kwa sababu namba husahaulika lakini kamba haibadiliki. Toa malipo ya awali yanayotosha vifaa na sehemu ya kazi. Baada ya hapo mwache afanye kazi. Ujumbe wa "mama vipi, imefika wapi" kila asubuhi hauongezi sindano.

Hatua ya 6: Ivae ikukae

Ukingo wa mbele ukae upana wa vidole viwili hivi juu ya nyusi. Ukishuka chini ya hapo utafunika paji la uso, na paji linahitajika wazi kwenye sijida. Ukipanda sana utaonekana umewekewa kofia na mtu mwingine. Masikio yabaki nje, mshono ukae katikati ya kisogo. Wapo vijana wanaoilaza upogo kidogo. Inapendeza kwenye harusi, ila kwenye matanga iweke sawa.

Jaribio langu ni hili, na lifanye dukani bila haya: iname kama uliyerukuu, tulia, inuka. Ikidondoka au ikatelezea machoni, ni kubwa. Ikibaki lakini ukahisi mshipa unapiga kwenye panda la uso, ni ndogo, na hutavumilia nayo hotuba ya Ijumaa.

Urefu wa ubavu hufuata sura. Mwenye uso wa mviringo huchukuliwa vizuri na ubavu mrefu; mwenye uso mrefu achague mfupi. Mwenye shingo fupi na koti lenye mabega mapana asichukue kofia ndefu kuliko zote dukani, atazama ndani yake. Mengine ni kioo na rafiki mkweli.

Rangi ni rahisi kuliko watu wanavyoifanya. Chagua kitu kimoja cha kufuatana na uzi wa kofia: darizi ya kifuani kwenye kanzu, au koti, au viatu. Kimoja. Anayelinganisha vyote vitatu anaonekana amefungwa zawadi. Kanzu nyeupe, koti la bluu iliyoiva na bulibuli haijawahi kumwangusha mtu.

Adabu zake ni chache. Kofia ya viua haivuliwi msikitini, wala mezani, wala barazani. Kanisani mwanamume huvua. Ukiipokea ya mtu mwingine, ishike kwa ukingo wa chini, usiibane kwa juu na vidole vyenye mafuta ya mihogo. Na mzaha wa kumvua mtu mzima kofia mbele za watu haupo, hata kama ni mtani wako.

Na pama je?

Wapo wanaume wa hapa ambao mapenzi yao yako kwenye kofia zenye ukingo, nao wana haki yao, maana jua la Tanga halichagui. Za ukindu ni za kwetu: ukindu husukwa ukili, yaani mkanda mrefu, na ukili hushonwa kwa kuzungushwa kuanzia utosini kwenda nje. Tazama nafasi kati ya mzunguko na mzunguko. Ikiwa sawa na uzi haukuonekana sana, nunua. Panama ya kweli, ingawa jina lake lasema vingine, hufumwa Ekuado kwa majani ya mmea wa toquilla, na ufumaji wake uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2012. Ufumaji wake huanzia katikati ya utosi, hauna mshono wa kuzunguka. Usiishike kwa kuibana mbele ya utosi. Majani yaliyokauka hupasuka pale pale.

Kwenye mitumba hupatikana pama za sufu au manyoya yaliyogandamizwa, mara moja moja zenye majina makubwa kama Stetson ya Marekani au Borsalino ya Italia. Jina lisikupumbaze. Fungua ukanda wa ngozi wa ndani: ngozi ikiwa imepasuka au imejikunja kwa jasho, kofia imeshafanya kazi yake. Tazama namba, 57 ni sentimita, na 7 na 1/8 kwa vipimo vya Marekani ni kichwa hicho hicho. Bonyeza ukingo uuachie. Ya manyoya ya sungura au ya biva, mnyama wa mitoni wa nchi za baridi, ni nyepesi, laini, na hurudi ilipokuwa. Ya sufu ya kondoo huwa nzito na ngumu kidogo, na ikinyeshewa masika bila kutunzwa husinyaa. Pama ivue ukiingia ofisini au ndani kwa watu, na swala haisaliki nayo kwa sababu ya ukingo.

Hatua ya 7: Kufua na kutia wanga

Hapa ndipo kofia nyingi nzuri hufia. Mashine ya kufulia hapana. Jiki hapana, hata kwa nyeupe, kwa sababu hula uzi kabla ya kula uchafu.

Loweka kwenye maji ya baridi yenye sabuni laini kwa muda usiozidi nusu saa. Sugua ukingo wa ndani, palipokaa jasho na mafuta ya nywele, kwa mswaki wa zamani wenye nywele laini, ukifuata mwelekeo wa mishono. Usiikamue kwa kuisokota. Ikandamize kati ya viganja au ndani ya taulo. Suuza mpaka maji yatoke safi, maana sabuni iliyobaki hugeuka njano juani. Kwa nyeupe unaweza kutia buluu kidogo kwenye maji ya mwisho.

Wanga wa muhogo ndio wa kwetu. Koroga kijiko kimoja cha chakula kwenye maji ya baridi mpaka madonge yaishe, kisha mimina maji yaliyochemka, karibu nusu lita, huku ukikoroga. Uwe mwepesi, upite kwenye kitambaa bila kusukumwa. Uchuje, kwa sababu donge moja likikauka juu ya ua huliondoi bila kuvuta uzi. Ukipoa, tumbukiza kofia nzima, ibonyeze ili wanga uingie kati ya tabaka mbili, itoe, ikandamize.

Kabla haijakauka, pitia vitobo. Wanga huviziba kama utando. Puliza, na kilichobaki kifungue kwa ncha ya kijiti cha meno, taratibu, kwa kusukuma na si kwa kuzungusha. Ni kazi ya kuchosha, na wengi huiruka, ndipo unapokutana na kofia ya viua isiyopitisha hewa hata kidogo.

Ivishe kwenye faruma, kile kibao cha mti cha duara cha kukaushia kofia. Huna? Tafuta sufuria ndogo au kopo lenye mzunguko sawa na namba yako ya Hatua ya 2, lifunike kwa kitambaa safi ili kutu isihamie kwenye kofia. Vuta ubavu ukae wima, sawazisha utosi kwa kiganja. Nyeupe ikauke juani, ya rangi kivulini penye upepo. Ikiwa bado ina unyevu kidogo, pasi ipite kwa ndani, au kwa nje juu ya kitambaa. Pasi ikikanyaga maua moja kwa moja huyalaza na kazi yote hupotea machoni.

Hatua ya 8: Kuihifadhi

Tuko pembezoni mwa bahari, na mfuko wa nailoni ni adui. Unyevu hubaki ndani, ukungu huota madoa meusi, na madoa ya ukungu hutoka kwa shida. Tumia boksi la karatasi au mfuko wa kitambaa cha pamba, na ndani ya kofia tia karatasi nyeupe iliyofinywa. Gazeti huacha wino.

Kama hutaivaa kwa miezi kadhaa, ifue na uiweke bila wanga. Mende na wadudu wengine wa kabatini hula wanga, na wakishaanza hawatofautishi wanga na uzi. Ya almaria isifuliwe kabisa. Ianike kivulini ikate harufu, halafu uifungie. Ukipenda kuifukiza udi, ining'inize juu mbali na chetezo. Moshi wa karibu huibadilisha nyeupe ikawa rangi ya chai.

Kila ukiitoa, tazama vitobo na ukingo wa chini. Uzi mmoja ukifumuka, mpelekee mshonaji wiki hiyo hiyo, kabla hujaifua. Mwambie ni uzi gani ulitumika, au umpelekee kipande ulichobakiza tangu siku ulipoagiza. Ndiyo maana siku ile ulitakiwa kumwomba akuachie kidogo.